Mzazi Aliyesingiziwa Wizi wa Mayai Yake

Ijumaa moja baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimeketi barazani na wenzangu wawili watatu tukinywa kahawa, mara akaja kijana mmoja amebeba kitu alichokifunga katika kikoi. Alitusalimu kwa adabu, akanishika mkono, akanivuta kando. Alipofungua kikoi chake niliona jiwe la rangi ya udongo, la mviringo kama dafu dogo, limepasukapasuka, na ndani ya mipasuko hiyo mna kitu cheupe king'aacho.

“Ami,” akaniambia kwa sauti ya chini, “hili ni yai la dinosau. Nimeona picha zake katika simu, ni vivi hivi. Wewe ni mtu wa magazeti, wawajua wakubwa. Nitafutie Mzungu wa kulinunua, tugawane.”

Nilimuuliza swali moja tu: “Umelipata wapi, mwanangu?”

Akatabasamu. “Hapo, Ami, ndipo nisipoweza kupataja. Nikipataja leo, kesho watu watakuja na mitaimbo, mimi nibaki mikono mitupu. Jua tu kuwa ni upande wa Miritini, basi.”

Nilimrudishia jiwe lake, nikamwambia anipe wiki moja nikaulize. Alipokwisha ondoka, mmoja wa wenzangu akasema, “Kijana yule kama si tapeli basi hana akili timamu.” Tukacheka sote. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba moyoni nilikwisha mhukumu. Mji huu umeona mengi. Tumeuziwa shaba tukaambiwa dhahabu, na chupa tukaambiwa almasi. Basi mtu akija na jiwe akasema ni yai, utafanyaje?

Lakini ahadi ni deni, kwa hivyo nikaenda kusoma na kuulizia habari za mayai hayo. Na nilichokikuta kilinitia haya. Kwani katika habari nzima ya mayai ya dinosau, kisa kilicho kikubwa kuliko vyote ni kisa cha dhana mbaya: kisa cha mzazi aliyekutwa juu ya mayai yake mwenyewe, akaitwa mwizi kwa muda wa miaka 70.

HUKUMU YA JANGWANI

Mwaka 1923 ujumbe wa wataalamu kutoka makumbusho makubwa ya viumbe ya mji wa New York, ukiongozwa na Roy Chapman Andrews, ulikuwa katika jangwa la Gobi, nchi ya Mongolia. Walipiga kambi penye magenge mekundu ambayo wenyeji hupaita Bayanzag. Mwezi wa Julai mmoja wao, George Olsen, aliona mayai ya jiwe, marefu kuliko mapana, yamelala mchangani. Kabla ya hapo vipande vya maganda vilikwisha onekana Ufaransa, na padri mmoja aitwaye Jean-Jacques Pouech aliviandikia habari zake mwaka 1859, lakini alidhani ni vya ndege mkubwa mno. Yakini ya kwamba dinosau walikuwa wakitaga ilienea ulimwenguni kutoka huko Gobi.

Sasa msomaji tazama jinsi dhana inavyozaliwa. Juu ya kundi moja la mayai hayo palikuwa na mifupa ya dinosau mdogo asiye na meno, mwenye mdomo mfano wa kasuku. Lakini mifupa iliyojaa bondeni pale ilikuwa ya mnyama mwengine kabisa, mla majani, aitwaye Protoceratops. Basi wataalamu wakapiga hesabu yao: mayai bila shaka ni ya yule aliye wengi, na huyu mgeni asiye na meno, kwa kuwa amekutwa juu ya mayai, alikuja kuiba, mauti yakamfumania papo hapo. Mwaka 1924 bwana mkubwa wa makumbusho yale, Henry Fairfield Osborn, akampa jina la Kilatini: Oviraptor, yaani mnyang'anyi wa mayai.

Hakuna aliyemwona akiiba. Shahidi wa pekee alikuwa ni ule ujirani wa mifupa na mayai. Osborn mwenyewe, nami namshukuru kwa insafu yake, alionya kwamba jina lile laweza kutupotosha. Lakini onyo lilibaki katika karatasi za wataalamu, na jina likaenda sokoni. Vitabu vya watoto vikachora picha ya Oviraptor akikimbia na yai kinywani. Mtu akishaitwa mwizi, nani atakwenda kutafuta karatasi ya kumtetea?

Hukumu hiyo ilisimama hadi mwaka 1993. Mwaka huo wataalamu wa makumbusho yale yale, wakiwa pamoja na wenzao wa Mongolia, walifika mahali pengine katika Gobi paitwapo Ukhaa Tolgod. Wakaona yai la aina ile ile, limevunjika, na ndani yake mna mifupa midogo ya kinda ambaye hajaanguliwa. Mark Norell na wenziwe walipoitazama vyema wakaona kinda huyo si Protoceratops hata kidogo. Alikuwa ni wa jamaa ya Oviraptor. Mwaka 1994 wakaitangaza habari hiyo.

Mwaka uliofuata wakatangaza jengine waliloliona huko huko, ambalo mimi nilipoona picha yake niliwacha kalamu nikanyamaza kwa muda. Ni mifupa ya dinosau mzima wa jamaa hiyo hiyo, ameketi katikati ya kiota, miguu ameikunja, mikono ameitandaza juu ya mayai yaliyopangwa duara, vivi hivi kama kuku anavyoatamia uani kwako. Mchanga ulimfunika hapo alipoketi, na hapo alipoketi ndipo alipokutwa baada ya miaka zaidi ya milioni 70.

Hatuwezi kusema kama alikuwa mama au baba, nasema mzazi. Na yule wa mwaka 1923 aliyekutwa katika hali kama hiyo, leo wataalamu humhesabu kuwa naye alikuwa juu ya mayai yake mwenyewe. Mwaka 2020 ukaja ushahidi mwengine: mayai halisi ya Protoceratops, yule aliyedaiwa kuibiwa, yalikuwa na ganda laini kama ngozi, mfano wa mayai ya kasa. Kwa hivyo mayai yale magumu ya Bayanzag hayakuwa yake tangu mwanzo. Mdai hakuwa na mali, na mdaiwa alikuwa ndiye mwenye mali.

Lakini jina halikubadilika. Kanuni ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza ndilo jina. Mpaka leo mzazi yule anaitwa mnyang'anyi.

SANADI YA YAI

Nini kilichomwokoa, walau kwa wenye kujua? Jambo moja tu. Mayai na mifupa havikuchopolewa kimoja kimoja kama maembe mtini. Viliondolewa pamoja na mwamba wake, mahali pake pakaandikwa, hali yake ikachorwa, kila kitu kikahifadhiwa. Kwa hivyo waliokuja nyuma waliweza kuifungua kesi upya.

Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni hatuhitaji kwenda Amerika kufundishwa maana ya jambo hili. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba hadithi ina sehemu mbili: ina matini, ambayo ni maneno yenyewe, na ina sanadi, ambayo ni mlolongo wa waliopokeleana maneno hayo. Maneno yaweza kuwa mazuri, yakapendeza masikioni, lakini mwanachuoni atauliza: umeyapokea kwa nani, naye ameyapokea kwa nani? Mlolongo ukikatika, hadithi huhesabiwa dhaifu, hata yakiwa maneno matamu namna gani.

Basi yai la jiwe nalo lina matini na sanadi. Umbo lake na ganda lake ndiyo matini. Tabaka la mwamba ambamo limelala, mayai yaliyo kando yake, namna yalivyopangwa, mifupa iliyo juu yake na chini yake, hiyo ndiyo sanadi. Ukilichopoa ukalifunga katika kikoi, umebeba matini na sanadi umeitupa. Mjuzi aweza kulitazama akakwambia hili ni yai. Lakini ni la nani, liliatamiwa au lilizikwa mchangani, lilikuwa peke yake au na nduguze, hayo hataweza kukwambia tena, wala hataweza mwengine baada yake.

Nitatoa mfano wa nchi ambayo majahazi yake wazee wetu waliyajua vyema. Huko Gujarati, mahali paitwapo Dholi Dungri, katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Kihindi Dhananjay Mohabey aliona mayai ya dinosau wale wakubwa wenye shingo ndefu. Aliuondoa mwamba mzima, hakuuvunja ili apate mayai mazuri ya kuwekwa kabatini. Miaka ikapita. Akaja mtaalamu wa Kimarekani, Jeffrey Wilson, akautazama mwamba ule ule, akaona kitu ambacho hakikuwa kimetambuliwa: uti wa mgongo wa nyoka. Mwaka 2010 wakatangaza pamoja na wenzao. Alikuwa nyoka wa mita 3 na nusu, amejizungusha kando ya yai lililovunjika, na karibu yake mifupa ya kitoto cha dinosau kilichokuwa kimetoka katika yai si muda mrefu. Nyoka huyo wamempa jina la Sanajeh.

Hapa basi mla vitoto halisi amefumaniwa kiotani. Na tazama uadilifu wa sanadi: ile ile iliyomsafisha asiye na kosa ndiyo iliyomshika mwenye kosa. Lau mwamba ule ungepasuliwa na mfanyabiashara, mayai yangeuzwa, na mifupa ya nyoka ingetupwa jaani pamoja na vifusi.

Huko huko Gujarati, katika mji wa Balasinor ambao zamani ulitawaliwa na manawabu wa ukoo wa Babi, yuko bibi wa ukoo huo, Aaliya Sultana Babi, ambaye ameitumia miaka mingi kuilinda ardhi ya Rahioli yenye mifupa na mayai ya dinosau. Amepata kueleza jinsi alivyomkuta kikongwe wa kijijini akisagia bizari kwa jiwe, naye alipolitazama jiwe lile akaona ni yai. Mimi simlaumu yule bibi kizee hata kidogo. Jiwe linalosaga vizuri ni jiwe zuri, na bizari lazima isagwe. Lakini ilihitaji awepo mtu wa nchi ile ile, aliyeijifunza elimu hiyo akaipenda, ndipo jiwe likajulikana. Mwaka 2019 Balasinor ilifunguliwa makumbusho yake ya dinosau. Mayai hayakwenda kwa wageni. Wageni huja kwa mayai.

ALAMA ZAKE

Sasa nirudi kwa jiwe la kijana wangu, maana huenda na msomaji analo lake nyumbani. Yai la kweli hujulikana kwa nini?

La kwanza ni mwamba. Dinosau, ukiwatoa ndege ambao ni kizazi chao, walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba zetu Mombasa ni ya juzi juzi tu. Umri wake huhesabiwa kwa malaki ya miaka, si kwa mamilioni. Humo usitafute yai la dinosau. Miamba ya Miritini na Changamwe ni ya zamani zaidi, ya zama za Jura, wakati dinosau walikuwako duniani. Lakini miamba hiyo ni tope la bahari. Zama hizo hapo palikuwa chini ya maji, na dinosau alitaga nchi kavu.

La pili ni ganda. Yai la kweli lina ganda, nalo ni tabaka jembamba la milimita chache, tofauti na kilichomo ndani. Juu yake huwa na vipele au michirizi midogo midogo. Ukilitia katika hadubini utaona fuwele zimesimama bega kwa bega kama waumini katika safu, na baina yake vitundu ambavyo kinda alikuwa akivutia pumzi. Mawe mengi ya mviringo hayana ganda. Ni tope lililoshikamana likakua kidogo kidogo kuzunguka kitu fulani. Ukilivunja utakuta jiwe lile lile hadi kati, au matabaka kama ya kitunguu.

La tatu ni mipasuko. Ganda la yai huvunjika vipande vidogo vidogo, kama chungu kilichokanyagwa. Jiwe la tope hupasuka kutoka ndani, kisha maji yenye chokaa huingia katika nyufa na kuacha mshipa mweupe wenye kung'aa. Msomaji amekwisha fahamu: ule weupe uliomtia kijana tamaa ndio uliokuwa ukisema kwamba hili si yai.

La nne ni ukubwa. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu sote tulilelewa na hadithi za Alfu Lela Ulela, na tunamkumbuka Sindibadi alipoliona yai la ndege Rukhu akadhani ni kuba. Basi mtu akisikia kwamba dinosau fulani alikuwa na urefu wa mita 20, husema yai lake lazima liwe kama nyumba. La. Mayai ya wale wakubwa wa Gujarati ni ya mviringo, na upana wake ni kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Dafu ni kubwa kuliko mengi yake. Marefu kabisa yaliyopata kuonekana, huko Uchina, yanafikia kiasi cha sentimita 60, nayo ni membamba. Hii ni hekima ya Muumba. Yai likizidi ukubwa lahitaji ganda nene la kulibeba, na ganda likizidi unene kinda hapati pumzi wala hawezi kulivunja atoke. Yai lenye ujazo mkubwa kuliko yote tuyajuayo si la dinosau, bali ni la ndege wa Bukini aliyekwisha toweka, ambaye yai lake moja laingia maji lita 8 hivi. Wako wasemao kwamba ndege huyo, jirani yetu wa bahari hii hii, ndiye aliyemzaa Rukhu wa hadithi.

La tano na la mwisho ni hadhari. Hata ukiona ganda la kweli usidanganyike upesi. Wako mafundi wanaookota vipande vya maganda halisi wakavigandisha kwa gundi juu ya jiwe la kawaida, wakauza yai zima. Mnunuzi hurudi kwao na matini ya bandia, na sanadi hana.

BEI YA MNADA

Nani aliyeanzisha biashara hii? Ilianza kwa watu wa elimu wenyewe. Baada ya ile safari ya 1923, Andrews alihitaji fedha za safari nyengine, akaona alipige mnada yai moja. Likanunuliwa kwa dola 5,000, fedha nyingi sana zama hizo. Naye baadaye alijuta. Kwani habari zilipofika Uchina na Mongolia watu walisema: kumbe kila yai ni dola 5,000! Hawa waliokuja wakisema wanatafuta elimu, kumbe wanatuchukulia hazina yetu! Tangu hapo safari zake zikaingia shaka na vikwazo, wala sioni kwamba wenyeji walikosea sana. Aliyekiweka kitu sokoni hawezi kulalamika kwamba watu wamekiona kuwa ni bidhaa.

Miaka 70 baadaye mayai ya mkoa wa Henan, Uchina, yalifurika katika masoko ya nchi za kigeni. Pamoja nayo, mwaka 1993, lilitoka pande la mwamba lenye mayai makubwa na mifupa ya kinda mmoja, likauzwa Marekani. Wazungu wakamwita kinda huyo Baby Louie, na mwaka 1996 picha yake ikatokea mbele ya jarida la National Geographic. Lakini umashuhuri si elimu. Mwamba ulikuwa umetoka kwao kwa njia isiyokuwa wazi. Mwaka 2013 ukarejeshwa Henan, kisha wataalamu wakarudi kutafuta mahali ulipochimbwa, na ni mwaka 2017 tu ndipo kinda akapewa jina lake la kitaalamu, Beibeilong. Miaka 24 baina ya kutolewa kwao na kupewa jina. Hayo ndiyo malipo ya sanadi iliyokatika, na yeye ana bahati. Wenziwe wengi wako makabatini mwa matajiri, hawatajulikana kamwe.

Sisi watu wa pwani nasi tuna kisa chetu, ingawa ni cha mifupa na si cha mayai. Huko Tendaguru, bara ya Lindi, baina ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosau, ikabebwa vichwani mwa watu hadi bandarini, zaidi ya tani 200, ikaenda Berlin. Huko imesimamishwa hadi leo mifupa ya mmoja wao, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji, mtu ambaye macho na mikono yake Wajerumani waliitegemea, na Waingereza waliokuja baada yao pia, alikuwa ni Boheti bin Amrani. Ukilitaja jina hilo barazani kwetu hakuna atakayeuliza ni la watu gani. Ilikuwa mwaka 2007 ndipo dinosau mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Karibu miaka 100! Aliyeshika jembe naye ni sehemu ya sanadi, na mlolongo unaomruka si mlolongo mzima.

Nayasema haya kwa sababu najua jibu la kijana wangu, na ni jibu lenye uzito. Atasema: “Ami, nyinyi mwatwambia tusiuze, tuyaache mahali pake, tutoe habari. Nikishatoa habari, watakuja wakubwa na magari, watachukua, wataandika vitabu, na mimi je?” Mwenye njaa humpi sanadi akashiba.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi yamtaka aliyeona kitu kama hiki atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa, na yakataza kukipeleka nje bila ya kibali. Sheria hiyo ni nzuri, nami naiunga mkono. Lakini sheria inayomwambia maskini “usiuze” yafaa ifuatane na ulimi unaomwambia “ahsante”. Maoni yangu ni kwamba kila kinachoonekana kiandikwe pamoja na jina la aliyekiona, jina hilo liwekwe mbele ya watazamaji, na mwenyewe apewe tuzo ya haki na awe wa kwanza kuajiriwa pale panapochimbwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kukimbilia nchi za watu kudai kilichokwisha potea. Ukimnyima heshima aliyeona, unamfundisha kuficha mahali. Na akificha mahali, umepoteza lile ambalo ndilo lenye thamani.

Wako pia watakaouliza mambo haya ya miaka milioni yatuhusu nini sisi watu wa dini. Nami nitawajibu kwamba tumehimizwa tutembee katika ardhi tutazame jinsi viumbe vilivyoanzishwa, na hatukuambiwa tutazame vile tu vinavyotupendeza. Tena tumeonywa tujiepushe na dhana. Mifupa ile ya Gobi imenifunza yote mawili kwa pamoja.

Kijana alirudi baada ya wiki moja kama tulivyoagana. Nilimkalisha, nikamwagizia kahawa, nikamweleza kuhusu ganda, mipasuko na tope la bahari. Hakubisha. Aliligeuza jiwe lake mara mbili tatu, kisha akaliweka chini taratibu. Nikamuuliza, “Hebu nambie, pale ulipoliokota palikuwa na nini chengine?”

“Hapakuwa na kitu, Ami. Makome tu ya jiwe, yamejikunja kama pembe za kondoo. Nikayatupa.”

Lo! Hayo aliyoyatupa ndiyo yaliyokuwa visukuku vya kweli. Ni amonaiti, viumbe wa baharini waliokuwa wakiogelea hapo Miritini zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, na ambao walitoweka pamoja na dinosau. Alibeba jiwe akaacha shahidi. Nilipomweleza hivyo alicheka, nami nikacheka naye, si kama kile kicheko cha kwanza. Kisha nikamwomba radhi. Hakujua ni kwa kosa gani, nami sikumweleza. Anasoma gazeti hili, atajua leo.

Mahali penyewe amekwisha nitajia, kwa hiari yake. Inshallah wiki ijayo tutakwenda pamoja Makumbusho ya Fort Jesus, ataeleza kwa ulimi wake, na nitahakikisha jina lake limeandikwa.

Namalizia kwa ubeti mmoja, kama desturi yangu:

Yai halisemi neno, likitengwa na kiota,
Ukilitia mkono, ushahidi waufuta,
Dhana ni kali ya meno, na mwema ikamng'ata,
Liwate pale lilipo, umwite mwenye kujua.